Trisikle ya Koperative Inabeba Magunia, Haibebe Watu

Ilikuwa siku ya soko. Kuelekea saa 11 ya jioni, katika kijiji kimoja cha milima inayotazama Bonde la Ruzizi, trisikle ya koperative ilitoka depo na kuanza kushuka mpaka kwenye barabara kubwa, mahali lori ya munyunuzi ingepita asubuhi. Ndani ya karoseri kulikuwa magunia 5 ya muhogo mukavu, yamefungwa kamba vizuri. Juu ya magunia kulikuwa watu 6: mama wawili, mumoja wao na mutoto mugongoni, vijana wawili waliokaa pembeni na miguu inaning'inia inje, muzee mumoja wa kamati, na binti wa shule aliyeomba tu wamusogeze mpaka darajani.

Mvua ilikuwa imenyesha muchana. Wale wanaojua milima yetu wanajua udongo wetu mwekundu: ukikauka ni kama tofali, ukilowa ni kama sabuni. Kwenye konda ya pili, kule maji yamekula barabara upande wa kuume, gurudumu la mbele liliteleza na kwenda moja kwa moja. Gurudumu la nyuma likaingia katika mufereji. Trisikle ikalala pembeni. Haikukuwa inakimbia. Wote walioona wanasema mutu anayetembea haraka angeifuata bila kuchoka.

Kamba zilifanya kazi yao. Magunia 4 yalibaki mahali pao, moja tu ndilo lilipasuka. Lakini watu hawakufungwa kamba. Walitupwa wote upande wa bonde, na ubao wa karoseri ukamuangukia mama mumoja juu ya paja. Mufupa wa paja ulivunjika. Binti wa shule alivunjika mukono. Mutoto muchanga hakupata kitu, Mungu asifiwe, na hata leo hakuna anayeweza kueleza ilikuwa namna gani.

Shofere, kijana wa miaka 22, aliona damu, akaacha trisikle hapo na kukimbia porini. Alirudi siku ya tatu.

Sisi tunaoandika haya ni maagronome wa mradi uliopeleka trisikle hiyo kule. Hatuandike kama mahakimu. Tuseme jambo hili mapema, ili musome yanayofuata mukijua: juma moja mbele ya aksida hiyo, watatu kati yetu tulipanda juu ya trisikle ile ile, na shofere yule yule, na mabuti yetu na jile zetu za mradi. Tulitoka kuangalia shamba la mbegu, jua lilikuwa kali, tukasema, "Kijana, tusogeze kidogo." Wanamemba walikuwa kando ya njia. Walituona.

Na kuna lingine. Siku ya kukabizi trisikle, tulifundisha siku 3 nzima: kubadilisha mafuta ya moteri, kukaza boloni, kuangalia freni, kuandika safari zote ndani ya kaye. Juu ya kubeba watu tulisema sentensi moja: "Hii ni chombo cha muzigo." Kisha tukaomba kamati yote ipande ndani ya karoseri ili tupige picha. Watu 9, wote wanacheka. Picha hiyo ilitoka katika gazeti hili munalosoma. Mulimaji anayeona picha hiyo na kusikia sentensi yetu moja, ataamini gani?

Sasa tueleze kwa nini chombo hiki, ambacho kinabeba kilo 500 bila kulalamika, kinashindwa na watu sita.

Chukueni kiti cha miguu mitatu, kile mama anakaliaka jikoni. Kikiwa na miguu mitatu hakitikisike hata pahali pa mabonde, na ndiyo sababu wazee wetu walikipenda. Lakini ukikaa kwenye ukingo, kati ya muguu mumoja na mwingine, kinapinduka mara moja. Trisikle ni kiti hicho hicho. Iko na muguu mumoja mbele na miwili nyuma. Muda uzito wote unabaki katikati ya miguu mitatu, iko salama. Uzito ukitoka inje ya mustari unaounganisha gurudumu la mbele na gurudumu moja la nyuma, inaanguka. Na mustari huo uko karibu kuliko munavyofikiri, kwa sababu kuelekea mbele chombo kinakuwa chembamba.

Tena kuna urefu. Tulifanya hesabu ndogo na kamati, kwa chaki, kwenye mulango wa depo. Tuseme trisikle yenyewe ni kilo 300, na uzito wake uko cm 50 hivi juu ya udongo. Magunia 5 ya kilo 100, uzito wao uko cm 80. Ukichanganya, katikati ya uzito wote iko karibu cm 69. Sasa pandisha watu 6 wa kilo 60, wakae juu ya magunia, uzito wao uko m 1 na cm 70. Katikati inapanda mpaka m 1. Chombo ni kile kile, barabara ni ile ile, lakini sasa ni kama mutu aliyebeba ndoo kichwani badala ya kuishika mukononi. Konda ambayo asubuhi ilikuwa rahisi, jioni inaangusha. Na kilo pia zimepanda: kutoka 500 za muzigo mpaka 860. Kila trisikle iko na plaketi au kitabu kinachosema inabeba kilo ngapi. Katika koperative nyingi tulizotembelea, kitabu hicho kiko bado ndani ya nailoni yake.

Hiyo ni hesabu ya watu wanaokaa kimya. Lakini mutu si gunia. Gunia likifungwa linabaki pale. Mutu anaona rafiki kando ya njia na kuinama kumusalimia. Mutu anaogopa mutelemuko na kusogea upande mwingine, na wote wanasogea pamoja naye, wakati ule ule shofere anakata konda. Mutu anasinzia. Kijana anaruka ili asilipe. Kila mara uzito unahama, na shofere hana habari mpaka anasikia gidoni imekuwa nyepesi mukononi.

Hapo mutaniambia: lakini pikipiki ya kawaida inabeba watu wawili, watatu, na hainguke hivi. Sawa, tunajua, na pale pia tuko na maneno mengi ya kusema siku ingine. Ila kuna tofauti moja ambayo mashofere wengi hawaambiwe. Pikipiki ya magurudumu mawili inalala ndani ya konda, na abiria analala nayo. Trisikle hailale. Ukikata konda, yenyewe inabaki wima na uzito wote unasukumwa inje. Kijana aliyeendesha pikipiki miaka mitano, ukimupa trisikle bila kumufundisha, mwili wake unafanya mambo ya pikipiki. Anaingia konda na mwendo wa pikipiki. Aksida nyingi ndogo tulizoona, zile ambazo watu wanacheka na kuinua chombo, zinatoka hapo.

Kupanda mulima nako kuna shida yake. Watu wanapenda kukaa nyuma kabisa, kwenye ubao wa mwisho, kwa sababu pale ni rahisi kuruka. Ukiweka watu watatu nyuma ya magurudumu ya nyuma, mbele kunakuwa kwepesi. Gurudumu la mbele linagusa udongo kwa shida, shofere anageuza gidoni na chombo kinaendelea pale kinataka. Kushuka, freni za trisikle nyingi ni za ngoma. Zikishikwa muda murefu zinapata moto na kupoteza nguvu. Mashofere wengine, ili kulinda esansi, wanazima moteri na kuacha chombo kishuke chenyewe. Tafazali, hiyo hapana. Moteri ikiwa katika vitesi ya kwanza inasaidia freni kushika. Na vitesi hiyo inaingizwa juu ya mulima, mbele ya kuanza kushuka, si katikati.

Hatujasema juu ya vikwembe. Mama anakaa pembeni, kikwembe kinashuka, gurudumu linakishika. Hatujasema juu ya jembe na panga zinazowekwa katikati ya watu bila kufunikwa, wala bido ya esansi, wala ile siku tuliona watoto wawili wamekalia makarto ya dawa ya wadudu. Karto moja ilikuwa imelowa.

Tuseme kidogo pia juu ya pikipiki ya magurudumu 4, ile watu wanaita kwadi. Ziko chache kwetu, lakini miradi na mahospitali fulani wako nazo, na koperative zingine zinaziomba kwa sababu zinapita matope. Kiti chake ni kirefu, na kila mutu anayekiona anafikiri ni cha watu wawili. Sivyo. Urefu ule ni kwa ajili ya shofere mwenyewe: akipanda mulima anasogea mbele, akishuka anarudi nyuma, akikata konda anasogeza mwili pembeni. Ukimuweka mutu nyuma yake, umemufungia nafasi ya kusogea, na kwadi inaanguka nyuma juu yao wote wawili na kilo zake mia tatu hivi. Ndiyo maana viwanda vinabandika juu ya kwadi nyingi alama inayokataza abiria. Huko Marekani vyombo vya namna hiyo vilikuwa kwanza vya magurudumu 3, na watu wengi, hata watoto, waliumia nazo. Mwaka wa 1988 viwanda vilikubaliana na serikali kuacha kuuza zile za magurudumu 3. Hazikuwa sawa na trisikle zetu za muzigo, zetu ziko na karoseri na ni nzito zaidi. Lakini kiti cha miguu mitatu ni kile kile.

Turudi kijijini, kwa sababu maneno magumu hayakuwa ya hesabu.

Mama yule walimubeba kwa tipoyi. Wanaume 8 walibadilishana, usiku, saa mbili nzima mpaka santere ya afya, na kutoka pale kesho yake mpaka hospitali. Alilala hospitali karibu miezi miwili. Jamaa yake ilikuwa na mbuzi 2, waliuza. Walikuwa na shamba la muhogo ambalo lilibakiza miezi mitano kuvunwa; waliliuza likingali udongoni, kwa bei ambayo munajua mutu mwenye haraka anapataka. Haikutosha. Daktari alisema amepona, arudi kwake, lakini alibaki tena siku 9 pale kwa sababu ya deni. Mwishowe kamati ilifungua sanduku la koperative na kumaliza feza iliyobaki. Feza hiyo ilikuwa ya kununua mbegu za maharagi na mahindi za sezoni A. Kwa hiyo, wakati tunaandika kwamba aksida hiyo ilivunja muguu mumoja, tuseme kweli yote: mwezi wa 9 walimaji wengi wa kijiji kile walipanda mbegu walizonunua sokoni, zile hakuna anayejua zimetoka wapi. Sisi ndio tulipima mavuno. Tuliona.

Mukutano mukubwa wa wanamemba uliitishwa. Tuliomba ruhusa ya kusema, na tulikuja na jibu letu tayari: tuandike katika reglema ya ndani kwamba hakuna mutu kupanda trisikle. Tulifikiri ni jambo la dakika kumi. Mama mumoja, mwanamemba tangu mwanzo, alisimama na kutuuliza kwa Kiswahili ya kwetu kabisa:

"Ninyi munakuyaka na jipu. Munashuka, munatufundisha, munapanda jipu, munarudia. Siye tunabebaka kilo makumi tano ku mugongo, kamba ku kichwa, masaa mbili. Leo munasema tushipande. Sawa. Tutafika namna gani?"

Hakuna aliyepiga makofi. Tulinyamaza. Alikuwa na haki. Kumukatalia mutu kupanda ni rahisi kwa yule ambaye hatembei. Mama zetu wa Kivu wanabeba muzigo ambao punda angekataa, na trisikle ilipofika walifikiri siku hizo zimekwisha. Wengine walipanda si kwa uvivu, ni kwa sababu mugongo umeharibika.

Muzee mumoja alijibu, si kwa kutusaidia sisi, lakini alitusaidia. Alisema: "Mama, muguu wako unauma juu ya kutembea ao juu ya muzigo?" Watu walicheka. Kisha waliacha kucheka, kwa sababu swali lilikuwa zuri. Yule mama akasema: "Juu ya muzigo." Kutembea mukono mutupu, masaa mawili, na wenzake, na habari za njiani, hiyo hakuna mama aliyelalamikia.

Basi majadiliano yakageuka. Mbele ya hapo trisikle ilikuwa inabeba tu muhogo wa koperative, kutoka depo mpaka barabara kubwa. Kikapu cha mama, jembe lake, kuni zake, mutama wa kula nyumbani, vyote hivyo vilikuwa "vya mutu binafsi" na havikuruhusiwa. Kwa hiyo mama alikuwa anabeba vyake mugongoni, kisha anaona trisikle inapita, na njia pekee ya kupumzika ilikuwa kupanda pamoja na muzigo wake. Sheria yetu yenyewe, ile tuliandika kwa ajili ya kulinda chombo, ilikuwa inapandisha watu juu. Siku hiyo waliigeuza: siku za soko, trisikle inafanya safari moja ya kupanda na moja ya kushuka kwa ajili ya mizigo ya wanamemba, kila mufuko na jina lake limeandikwa juu, kwa bei ndogo waliyokubaliana. Muzigo unaenda na trisikle. Mwenye muzigo anatembea.

Lilibaki swali la shofere. Wengi walitaka afukuzwe. Alisimamishwa katikati, hakuinua macho. Kamati ilipomuuliza kwa nini alikuwa anapandisha watu, alisema kila mutu alikuwa anamupa franka 1000, na hiyo ndiyo ilikuwa chakula chake. Mushahara wake? Kamati ilikuwa imekubaliana naye mushahara wa mwezi, na mwezi wa tatu ulikuwa unaisha bila kulipwa. Hapo prezida alikohoa. Na tena, kijana aliuliza swali lake mwenyewe: "Muzee wa kamati akisema nisimame, nimukatae namna gani?" Muzee huyo, yule aliyekuwa juu ya magunia siku ya aksida, alikuwa ameketi pale pale, na bendeji kichwani.

Hilo ndilo tungetaka kila kamati inayosoma haya ilitazame mbele ya kufika kwenye mashine. Katika desturi yetu kijana hamukatalie muzee, hamukatalie pasta, hamukatalie mutu wa nyumba ya mwami, hamukatalie agronome. Ukiandika sheria na kumuachia kijana wa miaka 22 aisimamie peke yake njiani, hujaandika kitu. Koperative ile iliandika hivi: anayeomba kupanda ndiye anayelipa faini, si shofere, na ikiwa ni mutu wa kamati, faini ni mara mbili. Waliandika kwa rangi nyeupe juu ya ubao wa nyuma, HAPANA MUTU JUU, ili kijana asiseme neno, aoneshe tu. Na walianza kumulipa kwa safari, jioni ile ile, ndani ya kaye, na sinyatire ya mutunza feza. Kwa mutu mwenye silaha akilazimisha, walikubaliana kijana asibishane. Aendeshe pole pole kabisa, na akirudi atoe habari kwa kamati. Hatukupenda kuandika sentensi hiyo, lakini tunaishi mahali tunapoishi.

Koperative zenu ziko chini ya sheria ya OHADA, ambayo nchi yetu iliingia mwaka wa 2012, na reglema ya ndani inapitishwa katika mukutano wa wanamemba. Kwa hiyo musingojee sisi. Wakati munafanya hivyo, chukueni pia karatasi ya asiransi ya chombo, kama munayo, na mutafute mutu wa kuwasomea mustari kwa mustari: inalinda nani? Chombo kilichoandikwa cha muzigo, musifikiri tu kwamba asiransi italipa mutu aliyekuwa juu ya magunia. Ulizeni wenyewe, na mupate jibu lililoandikwa.

Na wagonjwa? Swali hilo lilichukua muda murefu kuliko yote. Mama mwenye uchungu wa kuzaa saa 8 ya usiku, mutoto mwenye malaria kali: hapo hakuna mutu atakayesoma ubao. Walikubaliana trisikle inaweza kwenda, lakini karoseri iwe tupu kabisa, hakuna gunia, hakuna bido. Godoro chini, mugonjwa amelala au ameketi chini kabisa ya karoseri, si pembeni, na mutu mumoja tu wa kumushika. Vitesi ya kwanza na ya pili tu. Jamaa wengine watembee. Na njia ikiwa imelowa, tipoyi. Infirmiye wa santere alikuja pale na akaongeza jambo moja ambalo hata sisi hatukujua vizuri: mutu aliyeanguka na kuumia paja, kiuno au shingo, asiinuliwe kwa mikono na miguu na kutupwa juu ya chombo kile kile kilichomuangusha. Afungwe kwanza, muguu mubovu pamoja na muguu muzima, kwa vikwembe, na abebwe juu ya ubao au mulango. Kama damu inatoka, kitambaa safi na kukandamiza bila kuacha. Mama yule, usiku ule, alikuwa ameinuliwa mara tatu mbele ya mutu kufikiri juu ya ubao.

Konda yenyewe walienda kuitengeneza kwa salongo, siku mbili ya mume na muke. Hapo angalau tulikuwa na kazi inayofanana na masomo yetu. Tulipima mutelemuko, tukachimba mufereji wa kutoa maji juu ya barabara mbele hayajafika kwenye konda, tukapanda matete kwenye ukingo ili mizizi ishike udongo. Mawe yaliletwa na trisikle. Watu walikuja kwa miguu.

Kuna mambo hayakutengenezeka. Binti wa shule alipoteza mitihani ya mwaka ule. Jamaa ya yule mama haijarudisha mbuzi zake, na koperative iliandika deni lake kwa jina la wote, si kwa jina lake; kuna wanamemba wawili walitoka kwa sababu ya hiyo, wakisema hawakuwa juu ya trisikle siku ile. Sisi upande wetu tuliomba ofisi yetu iondoe ile picha ya watu 9 katika vitabu vya mafunzo. Wameiondoa. Sasa siku ya kukabizi trisikle tunapiga picha ya kamati imesimama kando, na karoseri imejaa magunia. Haipendeze sana kama ile ya kwanza.

Mwezi uliopita tulipita kule tena, kuangalia muhogo mupya wanaoujaribu, ule unaovumilia mozaiki. Mama yule alikuja depo na fimbo yake, muguu mumoja umekuwa mufupi kidogo. Alileta mifuko miwili, akasubiri jina lake liandikwe juu, akaondoka na wenzake mbele ya mvua. Tulipomaliza, trisikle ilikuwa inashuka pia. Kijana ni yule yule. Alipunguza mwendo, akatutazama sisi watatu na mabuti yetu, na tulijua anangoja kuona tutasema nini.

Tulimupa mikoba yetu. Aliifunga na kamba, akaenda. Tulifika chini kisha saa moja na nusu, tumelowa, na mikoba ilikuwa inatungojea kwa muuza chai.